Magamba mawili yasiyolingana na maelezo: je, ni spishi mpya?

Mpimamagamba
Ninachunguza magamba manane makavu ya kobe wa maji baridi yaliyohifadhiwa katika makumbusho. Yote nimeyaweka katika jenasi ya Pelusios, kwa kuwa gamba la tumboni lina bawaba, ambayo Pelomedusa, jenasi ya karibu, hana. Mawili kati yake, hata hivyo, yana uwiano wa vigae vya tumboni (vibamba vya pembe vinavyofunika mfupa wa gamba) usiofanana na maelezo yoyote niliyoyasoma, na lebo zake zinataja kisiwa tu, bila mto wala tarehe. Je, naweza kuyapa jina jipya?

Kigae
Usiharakishe. Umri na jinsia hubadilisha umbo la gamba, na magamba mawili hayawezi kukuonyesha mipaka ya tofauti zilizomo ndani ya spishi moja. Pima urefu wa moja kwa moja kwa kalipa (kifaa cha kupimia chenye taya mbili), wala si kwa utepe unaofuata mviringo wa mgongo, kisha upime vivyo hivyo vielelezo vya spishi zinazojulikana. Tena, pale vigae vilipobanduka, usidhani kwamba maungio ya mifupa ndiyo mishono ya vigae. Mistari hiyo hupita mahali tofauti.

Msomalebo
Mimi naihofia lebo kuliko vipimo. Mwaka 1906 mtaalamu wa wanyama Siebenrock alieleza Pelusios seychellensis kwa vielelezo vilivyosemekana kukusanywa Ushelisheli, na kwa kuwa kobe huyo hakuonekana tena, alihesabiwa kuwa ametoweka duniani. Mwaka 2013 DNA ya kielelezo kilichobeba jina hilo ilionyesha kwamba ni Pelusios castaneus, kobe wa Afrika Magharibi. Hakuna spishi iliyotoweka. Kilichokosewa ni mahali pa asili. Tafuta daftari la mapokezi la makumbusho uone nani aliyaleta magamba yako, na pamoja na vitu gani vingine.

Mpimamagamba
Daftari nitaliomba. Je, nikipata DNA ya mitokondria (sehemu za seli zilizo nje ya kiini) kutoka kwenye mfupa, itatosha?

Kigae
Haitatosha peke yake, kwa sababu mitokondria hurithiwa kwa mama, hivyo chotara ataonekana kama spishi ya mamaye. Mauremys iversoni, kobe mwingine aliyepewa jina mwaka 1991, baadaye alibainika kuwa chotara wa Mauremys mutica na Cuora trifasciata. Pima DNA ya kiini cha seli pia, na hadi hapo andika kwenye lebo "Pelusios sp." tu, yaani spishi ya Pelusios isiyobainishwa.