Mtoto wa mbwa anatafuna kila kitu ndani, nimzuieje bila kumpiga?

Baba Wawili: Wakuu, habari za leo. Nina mtoto wa mbwa wa kike, chotara wa German Shepherd, ana miezi minne. Watoto wangu wanampenda sana, ila anatafuna kila anachokikuta: ndala, miguu ya meza, kona za kochi. Juzi nimemkuta anatafuna waya wa chaja ikiwa kwenye umeme, nikaogopa kweli. Jirani anasema nimcharaze au nimfungie bandani kutwa. Sitaki kumpiga, wala sitaki kumtoa. Nisaidieni.

Kisiwani: Nyaya ziondoe leo hii, zipandishe juu au zipitishe nyuma ya kabati. Hilo halisubiri mafunzo. Mengine ni umri: anabadilisha meno. Ya utoto ni 28, huanza kung'oka kwenye miezi mitatu au minne, na akifika miezi sita, saba hivi, anakuwa na 42 ya ukubwani. Fizi zinamsumbua. Lowesha kipande cha taulo, kipige fundo, kigandishe kwenye friza, umpe ukiwa karibu naye.

Mfugaji Moro: Paka maji ya pilipili kwenye miguu ya meza, hatarudia.

Dada Mifugo: Pilipili hapana, ndugu yangu. Inamuunguza macho na pua, na mnyama hajui kwa nini anaumia.

Baba Wawili, ndala kuukuu usimpe achezee. Wengi tunaona tumempa kitu kisicho na kazi, lakini mbwa hajui ipi imechoka na ipi ya kutokea, kwake zote zina harufu ya miguu yako. Awe na vitu vyake, na viatu vyenu vikae juu. Ukimkuta na kitu chako usimkimbize, ataona ni mchezo. Mpelekee chake, akiachia cha kwako msifu papo hapo. Na ukirudi jioni ukakuta kochi limechanwa, kumfokea hakusaidii, hawezi kuunganisha ukali wako na alichofanya mchana. Atakuogopa tu.

Banda la kutwa litamzidishia. Mbwa wa damu hiyo anahitaji kazi. Kama chanjo zake zimekamilika, mtembeze asubuhi na jioni, umfundishe kukaa na kusubiri. Akichoka vizuri analala.

Baba Wawili: Asanteni sana, dada umenifungua macho. Mifupa ya kuku inayobaki jikoni je, nimpe?

Dada Mifugo: Iliyopikwa usimpe kabisa. Inapasuka vipande vyenye ncha, vinaweza kukwama kooni au kutoboa utumbo. Mpe karoti nzima ya baridi, ukimwangalia. Na ukiona ndala imepungua kipande na hukioni popote, halafu anatapika, hali au hapati choo, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Usimpe dawa ya kumharisha nyumbani.