Kikasha cha kuhesabu maongezi ya mzazi na mtoto, kinajua Kiswahili kweli?

MamaZuu: Habarini wapendwa. Niko huku Marekani, mwanangu ana mwaka na nusu. Nimejiunga na darasa la wazazi, wakanipa kikasha cha kurekodi mtoto anavalishwa kwenye kifulana chenye mfuko kifuani, siku nzima, halafu kompyuta inatoa grafu umeongea maneno mangapi na mmejibizana mara ngapi. Ripoti imetoka niko chini kabisa, na mie kwa kuongea mnanijua 😅 Nyumbani ni Kiswahili tu, mama mkwe naye yupo. Hivi hii mashine inatuelewa au tunapimwa kwa kibaba cha wenzetu?

fundi_sauti: Dada, haielewi Kiswahili na hata hicho Kiingereza haikielewi. Mie nakijua cha LENA, kile kinarekodi mpaka masaa 16, kilifundishwa kwa sauti za familia za Marekani. Kinachofanya ni kukata sauti vipande, huyu mtoto mwenye kifulana, huyu mtoto mwingine, mwanamke mzima, mwanaume mzima, tv, kelele, alafu maneno inayakadiria tu kutokana na mlio. Sasa wewe ukisema "nitakununulia" umesema neno moja, Mmarekani hapo kashatumia matano, kwa hiyo hiyo namba ya maneno iache kidogo. Angalia ile ya kupokezana, mmoja akitoa sauti mwenzie akajibu ndani ya sekunde 5 inahesabiwa mara moja, hata mtoto akisema "aga" tu. Kuna utafiti wa MIT, chuo kikuu cha huko huko Marekani, wa 2018, watoto 36 wa miaka 4 hadi 6, kupokezana ndiko kulikoendana na ubongo kuchangamka eneo la lugha wakati wanasikiliza hadithi, sio wingi wa maneno ya wakubwa. Swali, tv ilikuwa inawaka? Na watu wakiongea kwa mpigo kile kipande hakihesabiwi.

BintiMakorora: Kwa mpigo?? Basi kwetu Tanga kingesoma sifuri 😂😂 Ila hiyo kupokezana mbona bibi zetu walikuwa nayo, anasema paukwa unajibu pakawa, usipojibu hadithi haianzi.

Mzee_wa_Hoja: Msiwatie watu presha. Hofu ya mtoto kusikia maneno machache ilianzia kwenye kitabu cha 1995 cha watafiti Hart na Risley, familia 42 za Kansas, Marekani, wakatangaza pengo la maneno milioni 30 kati ya watoto wa wenye uwezo na wa maskini, na watafiti wenzao wamewabishia sana kwa sababu maongezi ya wengine yanayompitia mtoto masikioni hayakuhesabiwa. Kule Chiapas, Mexico, watoto wa Watseltal, jamii ya Wamaya, wanaongeleshwa moja kwa moja chini ya dakika 4 kwa saa na wanaanza kuongea kwa wakati wake kama wengine tu. Mashine imsaidie mzazi, sio imtie aibu.

MamaZuu: Jamani fundi umenikamata, tv ilikuwa inawaka tangu asubuhi, mama mkwe na tamthilia zake, na mimi naongea na simu jikoni mtoto yuko sebuleni. Jumamosi narudia tv imezimwa. Kazi ipo kwa mama mkwe, kagoma, anasema yeye haongei mbele ya kitu kinachosikiliza. Amebaki anamkonyeza mtoto tu, na mtoto anacheka, sijui hiyo inahesabiwaje.