Kazi ya siku tatu imefutwa kwa kidole kimoja, na Ozzy mmemfufua!

Jamani naandika hapa na hasira, mnisamehe nikikosea herufi, sijalala vizuri na simu yangu kioo kimepasuka.

Kuna hii kamusi elezo ya mtandaoni, ile ambayo kila mtu aruhusiwa kuhariri, jina sitaji lakini mwaijua, watoto wakipewa homuweki ndipo wanapokimbilia. Upande wake wa Kiswahili kuna makala ya Black Sabbath, ile bendi ya Birmingham, Uingereza. Mimi ni mtu wa metal, ule muziki wa magitaa mazito, tangu skuli, hapa Mombasa twahesabika kwa vidole, ukipita Majengo na fulana nyeusi yenye fuvu wazee wa baraza wakuuliza mwanangu nyumbani kuna amani? Sasa juzi nikasema wacha nisome hawa watu wameandikwaje kwa lugha yetu.

Wallahi kwanza nilicheka. Ozzy Osbourne, mwimbaji wao mkuu, ameandikwa "mwimbaji wa risasi". Wa risasi! Kiingereza ni lead singer, na lead pia ni risasi ile metali. Albamu yao ya kwanza "iliachiliwa huru tarehe 13 Februari 1970", kwani ilikuwa imefungwa jela ya Shimo la Tewa? Wimbo wa Paranoid, uliofika nambari 4 kule Uingereza, umeitwa "mseja wao maarufu", kwa vile Kiingereza wimbo uliotolewa peke yake ni single, yaani mpaka leo haujapata mchumba. Ni wazi mtu amechukua makala ya Kiingereza akaipitisha kwenye mashine ya kutafsiri, akabandika, akaenda zake kula.

Kisha nikafika pale pa "bendi ya metali nzito", yaani heavy metal, muziki wao. Maneno hayo yamewekwa kiungo, nikabonyeza, nikapelekwa kwenye kemia, zebaki na risasi na vitu vya sumu. Sasa mwambie mtu wa Mombasa "metali nzito" uone akili yake yaenda wapi. Yaenda Owino Uhuru, kule Mikindani, kwenye kile kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, watoto walipatikana na risasi kwenye damu, kesi ikavutwa miaka mpaka 2020 mahakama ikaamuru walipwe shilingi bilioni 1.3, na hapo bado rufaa zikaendelea. Hayo ndiyo metali nzito tunayoyajua sisi. Huwezi kuniletea watu wanne wa Birmingham na magitaa yao ukawaweka chungu kimoja na sumu ya betri. Andika hevi metali, kila mtu ataelewa, kama tulivyosema jazi na rege na hakuna aliyekufa.

Lakini kilichonipandisha mori hasa ni habari ya vidole vya Tony Iommi, mpiga gitaa wao, na hapa nitakaa kidogo maana hapa ndipo nilipoguswa.

Mimi ni fundi wa kuchomelea, twatengeneza mageti na madirisha, na kukata bati ni kila siku. Iommi naye alikuwa fundi wa kuchomelea, kijana wa miaka 17, kwenye kiwanda cha bati huko huko Birmingham. Ilikuwa siku yake ya mwisho kazini, alishapata bendi ya kwenda nayo Ujerumani. Mchana akarudi nyumbani kula, akawa hataki kurudi tena, mamake akamwambia rudi umalize kazi yako kama watu. Akarudi. Mwenye mashine ya kukata bati hakuja siku hiyo, wakamweka yeye, na mashine yenyewe hajaizoea. Ikashuka juu ya mkono wake wa kulia, yeye akauvuta kwa kushtuka, ncha mbili zikabaki ndani, ya kidole cha kati na ya cha pete. Na mtu mwenyewe ana shoto! Kwa mpiga gitaa mwenye shoto mkono wa kulia ndio unaobana nyuzi, kwa hivyo vilivyokatika ni vile vile anavyovihitaji.

Sasa makala ile imesemaje? "Alipoteza vidokezo vya vidole viwili katika kiwanda cha karatasi ya chuma."

VIDOKEZO! Kiingereza ni tips, ncha za vidole, mashine ikadhani ni tips za kudokeza.

Nilimsomea mjomba wangu pale karakana tukila viazi karai. Mjomba mwenyewe kidole cha shahada kiliishia nusu zamani sana, mashine hizo hizo. Akasita kutafuna, akakiinua kile kipande cha kidole akakitazama, akaniuliza, "Sasa mimi hiki kilitokwa na kidokezo gani?" Tukacheka mpaka mteja akaja kuuliza kuna nini. Halafu mjomba akaniambia, "Lakini kwa kweli mwanangu, si vizuri. Mtu kaumia, muandikeni sawasawa."

Basi nikaingia kazini. Usiku tatu mfululizo, nikitoka karakana naoga, nakula, naketi na laptopu ya kuazima na bando ya kununua kwa pesa yangu mwenyewe, na usiku wa pili stima ikapotea mtaa mzima nikamalizia kwa simu. Nikaandika ncha za vidole. Nikaandika kiwanda cha bati. Nikaeleza alivyojitengenezea vifuniko vya vidole, maana hili ndilo tamu: alichukua chupa ya plastiki ya sabuni ya vyombo akaiyeyusha, akaifinyanga donge, akatoboa tundu kwa chuma cha kulehemu chenye moto, akasugua kwa msasa mpaka likaingia kidoleni, kisha juu akagandisha kipande cha ngozi alichokata kwenye jaketi kuukuu ili kisiteleze kwenye nyuzi. Huyo si jua kali huyo? Huyo angekaa na sisi hapa tukaelewana bila mkalimani. Nikaeleza vile nyuzi za kawaida zilikuwa ngumu kwake akatafuta nyepesi mpaka akatumia za banjo, na kwamba walipofika albamu ya Master of Reality 1971 wakawa washusha gitaa nusu sauti tatu ili nyuzi zilegee zisimuumize, na ndio maana ule mlio ukawa mzito vile, umeshuka chini kama meli yapiga honi Kilindini. Mtu asipoelezwa habari ya vidole hawezi kuelewa kwa nini muziki wenyewe wasikika hivyo. Na nikaweka ile ya meneja wa kiwanda aliyemletea sahani ya santuri ya Django Reinhardt, mpiga gitaa wa jazi, akamwambia sikiliza, halafu ndipo akamwambia huyu apigaye ana vidole viwili visivyofanya kazi, viliungua na moto.

Vyanzo niliweka. Kitabu cha Iommi mwenyewe, Iron Man, cha 2011, ninacho mkononi, nilikipata kwa wauza vitabu vya mitumba, nikaandika mpaka kurasa.

Nikamalizia na Ozzy. Makala ilikuwa bado yasema "ni mwimbaji, anaishi", nami nikaweka kwamba tarehe 5 Julai 2025 walipiga shoo ya mwisho Villa Park, uwanja wa mpira wa Birmingham, pale pale Aston bendi ilikoanzia, wote wanne wa mwanzo stejini kwa mara ya kwanza tangu 2005, Ozzy ameketi kwenye kiti maana ugonjwa wa Parkinson ulishamkamata miguu, na tarehe 22 Julai, siku kumi na saba tu baadaye, akafariki na miaka 76.

Nikalala nimefurahi. Asubuhi nafungua, HAKUNA KITU. Mkabidhi mmoja, yaani msimamizi wa kule, amerudisha toleo la zamani zima zima. Kidole kimoja, bonyezo moja. Mwimbaji wa risasi amerudi, vidokezo vimerudi, mseja bado haujaolewa, na Ozzy yuko hai! Mumemfufua! Mtu kazikwa, dunia nzima imeona watu wa Birmingham wamejaa barabarani na maua, lakini kwa Kiswahili bado aishi na aimba.

Sababu aliyoandika: "lugha si sanifu, vyanzo havithibitiki".

Nikaenda ukurasa wa majadiliano, nikamwamkia kwa adabu kabisa, nikamuuliza ndugu yangu, lugha gani isiyo sanifu. Akanijibu eti "bati ni la kuezekea nyumba, karatasi ya chuma ndiyo sahihi". Mimi! Waniambia mimi bati ni nini! Ndugu, njoo karakana hapa uombe karatasi ya chuma, utapewa msasa. Fundi yeyote kutoka Shimanzi mpaka Kongowea asema bati ama shiti, akutajie na geji yake. Kuhusu kitabu akasema hakiko mtandaoni kwa hivyo hawezi kukihakiki. Nami nimesoma kanuni zao zote usiku ule ule, hakuna mahali pasemapo chanzo lazima kiwe cha mtandaoni, kitabu kilichochapishwa ni chanzo, ukitaka kuhakiki tafuta kitabu. Na ile tafsiri ya mashine iliyorudishwa ina chanzo gani? Hata kimoja hakuna! Yangu yenye kurasa imetolewa, ile ya upepo imebaki.

Halafu, ngoja, hamjasikia bado. Jioni yake jina la makala likahamishwa likawa "Sabato Nyeusi". Mtu akitafuta atadhani ni kwaya. Hilo jina walilitoa kwenye filamu ya kutisha ya 1963 iliyokuwa ikionyeshwa sinema ng'ambo ya barabara na walipofanyia mazoezi, jina ni jina. Bendi ya Them Mushrooms wa hapa hapa pwani mbona hatuwaiti Wao Uyoga?

Sasa nisionekane malaika, yapo niliyokosea. Niliandika "bendi bora kuliko zote duniani", hiyo ni mapenzi yangu, si ya kamusi, ingetolewa nisingesema neno. Niliandika pia kwamba wao peke yao ndio waliozaa hevi metali, na hapo bendi za Led Zeppelin na Deep Purple nazo hutajwa, sawa. Na nilichomeka mstari wa Duma, wale vijana wa Nairobi wenye albamu ya 2020 (duma hapo si yule mnyama, ni giza kwa Kikuyu), kwa sababu nilitaka msomaji ajue huu muziki umefika mpaka kwetu, lakini nakubali makala ya Sabbath si mahali pake. Makosa matatu. Toa hayo matatu! Itachukua dakika ngapi? Geti likiwa na bawaba moja mbovu mimi nabadilisha bawaba, silivunji geti lote nikamrudishia mteja lile la zamani lililooza na kutu nikamwambia hili ndilo sanifu.

Na wanalalamika kila siku eti wahariri wa Kiswahili ni wachache, makala nyingi ni mbegu tu, yaani mistari miwili mitatu, njooni msaidie. Twaja vipi? Mtu wa kwanza unayekutana naye mlangoni ndiye akufukuzaye, na hata salamu hajaitika.

Kwa hivyo hapa kuna watu wa aina mbili nawataka. Wenye akaunti za zamani kule, ingieni ukurasa wa majadiliano mseme lenu, bila matusi tafadhali, matusi yatanifungia mimi. Na mwenye kile kitabu cha Iommi nakala nyingine aniandikie, nataka tuwe wawili wenye kurasa zile zile. Mimi kuanzia kesho narudisha aya moja moja, kesho vidole, kesho kutwa nyuzi, mtondo Villa Park, kila moja na maelezo yake, akitaka kufuta afute moja moja pia aandike sababu kila mara, tuone nani atachoka. Bando ninayo ya wiki.

NYONGEZA saa nne usiku: kuna mtu, sijui ni nani kati yenu, amerudisha tarehe ya kufa ya Ozzy na imekaa mpaka sasa. Ahsante. Vidokezo vya vidole bado vipo.