Napokea imeili za wajina wangu nisiyemjua, na sasa imeingia barua yake ya usaili

KijanaWaTabata

Wakuu habari za saa hizi, naombeni ushauri na naomba tuwe siriasi maana kuna ajira ya mtu hapa inataka kupotea.

Nina akaunti ya Gmail niliyoifungua zamani, enzi zile unaingia kwa kualikwa na mtu aliye ndani, kwa hiyo nikabahatika kupata jina langu na la baba tupu, hakuna namba wala mwaka wa kuzaliwa. Majina yenyewe ni ya kawaida mno, ukisimama Kariakoo ukaita wataitika kadhaa. Kwa miaka sasa napokea imeili ambazo sio zangu, mwanzoni nilidhani ni matapeli ila ukizifungua unaona kabisa ni za watu halisi. Mmoja yuko Mwanza ana duka la vifaa vya ujenzi, naletewa profoma za nondo na mabati. Mwingine nadhani ni mwanachuo, anakumbushwa ada. Mwingine yuko Mombasa, kwa huyo zinakuja taarifa za chama chao cha kuzikana. Kuna siku yaliingia majibu ya vipimo kutoka hospitali moja binafsi, jina langu pale juu, umri sio wangu, nikalifunga faili palepale kwa sababu ile ni siri ya mtu. Zote hizo namwandikia aliyetuma kwamba mimi siye, wengine wanashukuru, wengine kimya.

Sasa jana imeingia barua ya kuitwa kwenye usaili. Nafasi ni ya fundi mitambo, anatakiwa afike Jumatano saa mbili asubuhi na vyeti halisi na kitambulisho cha NIDA. Imetumwa kutoka anwani ile ya usijibu, nikijibu inagonga mwamba inarudi. Jamani nyote mnajua hali ya ajira ilivyo, huyu mtu kaomba, kachujwa, kaitwa, na hana habari! Jumatano ikipita wataandika hakutokea na biashara imeisha, wala hatajua kwamba aliitwa.

Naomba kujua, hivi Gmail inaweza kutoa anwani moja kwa watu wawili? Maana kwenye barua imeandikwa yenye nukta katikati ya majina, yangu mimi haina nukta na bado imenifikia. Na nimpateje huyu ndugu kabla ya Jumatano, nilikuwa nafikiria niifowadi kwa anwani zinazofanana na yangu, niongeze moja, mbili, huenda moja ikampata.

fundi_wa_seva

Mkuu ubarikiwe kwa kujali. Nianze na hiyo nukta maana hapo ndipo wengi wanapochanganyikiwa. Gmail haihesabu nukta kabisa kwenye jina la kabla ya @. Weka moja, weka tatu, usiweke, yote ni sanduku moja na mwenyewe ni wewe peke yako, na akija mtu kusajili jina lako kwa kuongeza nukta mfumo unamkatalia. Herufi kubwa na ndogo vilevile hazina tofauti. Kwa hiyo huyo ndugu hana anwani hiyo na hajawahi kuwa nayo hata siku moja. Ya kwake halisi itakuwa na kitu cha ziada, namba mwishoni au herufi ya jina la kati, au iko Yahoo, na mahali fulani hicho cha ziada kimedondoka. Angalizo tu, hii habari ya nukta ni kwa zile zinazoishia gmail.com, akaunti za kazini na vyuoni zinazoendeshwa na Google nukta inahesabika, na Outlook pia inahesabika.

Inadondokaje sasa. Nimekaa IT sehemu ambayo fomu zinajazwa kwa mkono halafu kuna mtu anaziingiza kwenye kompyuta, na adui namba moja pale ni andaskoo, kile kistari cha chini (_). Mtu anaichora juu ya mstari wa fomu, inazama kwenye mstari, anayeingiza haioni, anaunganisha majina au anaweka nukta kwa akili yake. Namba moja inageuka L ndogo, sifuri inageuka O. Halafu kuna hii ya programu kukumalizia anwani, afisa anaandika herufi tatu linajitokeza jina, anabonyeza, imeenda kwa mwingine. Na wapo watu ambao wanaamini kabisa anwani yao ni jina lao tu, waliifungua kwa kusaidiwa na kijana wa steshenari na hawajawahi kuingia tena.

Na kinachokufanya wewe upokee kila kitu ni hilo jina tupu. Mtu akikosea akaandika anwani isiyokuwepo, seva inamrudishia na anajua amekosea. Ila yako ipo na inafanya kazi, kwa hiyo imeili inapokelewa vizuri na kule kwa mtumaji kila kitu kinaonekana kimekwenda sawa. Ndio maana kosa la namna hii linakaa miaka na miaka hakuna anayestuka.

Kufowadi kwa kubahatisha USIFANYE. Utakuwa unaisambaza barua ya mtu kwa watu wengine ambao hawahusiki, na huna uhakika hata mmoja ndiye. Njia ni mwajiri. Acha hiyo anwani ya usijibu, tafuta simu ya ofisi kwenye tovuti yao wenyewe, piga, omba mtu wa rasilimali watu, mwambie barua ya usaili ya fulani nafasi fulani imefika kwa mtu asiye yeye. Sivii ya Mtanzania haikosi namba ya simu na wadhamini watatu chini, kumpata hakutawachukua dakika tano.

Wanjiku_Nax

Niko Nakuru na hii maneno naijua sana. Ukitaka kuelewa kwa nini inatokea fikiria M-Pesa, unaweka namba, jina la mwenye laini linatokea, ukiona si yeye unakatiza. Imeili haina hiyo, unatuma gizani. Lakini hata ingekuwa nayo nyinyi isingewasaidia kitu, kwa sababu jina lingetokea na ni lile lile! Mtumaji angesema ndio huyu na angeendelea. Kwa majina yetu haya jina pekee si kitambulisho, ndio sababu namuunga fundi mkono, kitu cha kuaminika ni namba ya simu.

Mimi yangu ilikuwa mbaya zaidi, mtu wa jina langu alichukua mkopo wa simu kwa app moja na akaweka imeili yangu, sijui alikosea ama alifanya makusudi. Zile meseji za kukumbushwa deni zikaanza kuja kwangu, mara ya kwanza upole, baadaye vitisho. App haikuwa imethibitisha kama imeili ni yake, ingetuma tu kile kikodi cha kuhakikisha na mambo yangeishia hapo. Niliwaandikia nikawaambia chini ya Data Protection Act ya 2019 wanatuma habari za deni la mtu kwa mtu mwingine na nitapeleka kwa Kamishna wa Data, wakaitoa mara moja. Kwa hivyo andika kwa ukali kidogo ukiona wanakupuuza.

MwalimuMstaafu_Lushoto

Wanangu salaam. Jambo hili si geni, limebadilika chombo tu. Nilifundisha shule ya bweni wakati barua zote zinaingia sanduku moja la posta la shule. Jioni mstarini kiranja anasoma majina, na vidato vyote mnakuta wenye majina mawili yanayofanana wanne watano. Barua ilifunguliwa na asiye wake, na ndani kuna habari za msiba nyumbani au pesa ya nauli. Tukawa tunawaagiza watoto wawaambie wazazi waandike majina matatu, kidato na mkondo juu ya bahasha. Na ikishafunguliwa kwa makosa ilikuwa inarudishwa kwangu mkononi, sio kuachwa juu ya meza ya bwalo.

Mwanangu wa Tabata piga hiyo simu leo, usingoje kesho. Wapo watu ambao barua moja kama hiyo familia nzima inaisubiri.

wakili_mdogo

Naongezea upande wa sheria kwa sababu kuna watu watakuja kushauri vibaya. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ipo Tume inayoisimamia. Mzigo wa kuhakikisha taarifa zinafika kwa mhusika uko kwa anayezikusanya, yaani ile hospitali na huyo mwajiri, sio kwako wewe uliyeletewa. Yale majibu ya vipimo ni uvujaji wa taarifa nyeti kabisa. Dada wa Nakuru, kwenu sheria inaenda mbali zaidi, taarifa ikivuja na kuna hatari ya kweli kwa mwenyewe, kampuni inatakiwa imjulishe Kamishna ndani ya saa 72.

Wewe ukae hivi. Kuifungua imeili iliyoingia kwako sio kosa, ungejuaje kama sio yako. Ila kuitumia, kuisambaza, kuipiga skrinshoti ukaweka kwenye grupu la WhatsApp eti mnamtafuta mwenyewe, hapo unaanza kujitafutia matatizo na unamuumiza huyo mtu. Na kubwa kuliko yote, mtu akifungua akaunti mahali kwa imeili yako utaona ukiomba kubadilisha paswedi inakuja kwako na unaweza kuingia. Usiingie hata kama nia yako ni kuifunga. Ile akaunti ni ya mtu, ina taarifa zake, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inasema kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila ruhusa ni kosa. Tumia ile linki ya "sio mimi" kama ipo, au waandikie wenye huduma waiondoe anwani yako.

Unapomjibu mtumaji iwe fupi, mimi siye mhusika, tafadhali hakikisheni kwa simu, nimeifuta. Usirudishe kiambatisho.

ukhti_maskati

Assalaam alaykum. Niko Maskati, kwetu ndio usiseme, jina la mtu la baba na la babu yanazunguka yaleyale Zanzibar, Mombasa na huku. Naletewa mialiko ya harusi za Unguja za watu nisiowajua, na huwa nawajibu kwa upole kwamba somo yangu hajapata mwaliko wake, mpigieni. Nimeona watu wa familia ndio wepesi kurekebisha, makampuni ndio wazito.

Ila tahadhari wakuu, sio kila iliyokosea njia imekosea kweli. Kuna utapeli unaanzia hapohapo. Mwaka 2018 msanidi programu anaitwa James Fisher alieleza jinsi mtu anavyoweza kufungua akaunti ya Netflix kwa anwani yako ya Gmail ila akabadilisha nukta, kwa Netflix hizo ni anwani mbili tofauti na kwa Gmail ni moja. Kadi yake ikikataa, imeili ya kuomba uweke kadi mpya inakuja kwako, ni ya Netflix wa kweli kabisa, ukibonyeza ukaweka kadi yako unamlipia yeye. Kwa hiyo ikija imeili ya malipo soma anwani iliyoandikiwa, ukiona nukta zimekaa mahali ambapo wewe huziweki, usiguse linki. Viambatisho vya inivoisi usizozijua navyo viache.

fundi_wa_seva

Ukhti amesema kitu cha maana sana. Na msione hii ni shida ya sisi wadogo tu. 2023 iliandikwa habari ya jeshi la Marekani, anwani zao zinaishia .mil, watu wakisahau herufi moja inakuwa .ml ambayo ni ya nchi ya Mali. Mholanzi Johannes Zuurbier alikuwa na mkataba wa kuiendesha domeni ya Mali, kuanzia Januari mpaka Julai mwaka ule alikusanya imeili karibu 117,000 zilizopotea njia, ndani kuna taarifa za matibabu, ratiba za safari na hata namba za vyumba vya hoteli vya maafisa. Na alikuwa anawaonya kwa miaka. Yule angalau ilikuwa ni herufi imedondoka, ninyi ni majina yanafanana, lakini mzizi ni huohuo, hakuna anayemuuliza mpokeaji kabla ya kutuma vitu vizito.

KijanaWaTabata

Wakuu nimerudi. Nimepiga, namba ya kwenye tovuti iliita haikupokelewa, nikapiga ya tawi lao lingine wakaniunganisha. Dada wa rasilimali watu mwanzoni alinishuku, akaniuliza nimeipataje barua, nikamweleza kama mlivyonielekeza, akafungua faili la maombi. Akaniambia kwenye sivii imeili ina namba mbili mwishoni, kwenye mfumo wao hazipo. Kampigia palepale mimi niko hewani kwenye laini nyingine, kapokea, kathibitisha atafika Jumatano. Na nimemwomba wakague na wengine walioitwa pamoja naye, kasema wataanza kuwapigia wote simu. Barua nimeifuta.

Asanteni sana, na Mwalimu shikamoo. Nabaki na moja, yule wa Mombasa wa chama cha kuzikana nimeshawaandikia zaidi ya mara moja na bado zinakuja, nifanyeje?

Wanjiku_Nax

Hizo zinatumwa kwa orodha, anayetuma pengine hasomi majibu. Angalia kama watu wengine wote wameonekana pale juu kwenye anwani, chagua mwenyekiti ama mweka hazina umwandikie yeye peke yake, usijibu wote. Mwambie kuna mwanachama wenu hapati taarifa na kwa chama cha kuzikana hiyo ni hatari, anaweza kuonekana hatoi mchango kumbe hajui kuna msiba. Na ukishamaliza weka filta ya anwani hiyo ziende kando zisikusumbue.

MwalimuMstaafu_Lushoto

Marahaba mwanangu. Namba ya mwenyekiti ikiwa imo kwenye hizo taarifa, mpigie.