Ukitoza kodi gesi inayouzwa nje, bili ya nyumbani inashukaje hasa?

Karani_wa_Mizania:
Wakuu habari. Wajuvi wa kodi na nishati naomba ufafanuzi. Nafuatilia mjadala wa Australia, ambako vyama vya wafanyakazi vinataka serikali itoze asilimia 25 kwenye gesi asilia inayouzwa nje, na hoja wanayoibeba ni ugumu wa maisha. Mimi kazi yangu ni vitabu vya hesabu, kwa hiyo nikiambiwa kodi itapunguza makali ya maisha nauliza: kwa njia ipi? Kupandisha bei naijua, kushusha ndiyo habari mpya kwangu. Muuzaji akitozwa si anamsukumia mnunuzi? Na mnunuzi akiwa Mjapani, mwenye nyumba wa Queensland anaambulia nini? Halafu nasikia tayari wana kodi ya asilimia 40 kwenye faida ya mafuta na gesi. Yote hiyo ipo na bado wanalia? Naomba hesabu, siasa tumeshashiba.

Mzee wa Mita:
Mkuu, hapo kwenye kumsukumia mnunuzi ndipo wengi wanateleza. Anayeuza gesi nje hajipangii bei. Shehena ya Australia ikifika Tokyo inakutana na ya Qatar na ya Marekani, na mikataba mingi ya muda mrefu bei yake imefungwa kwenye bei ya mafuta ghafi. Akisema "nimeongezewa kodi, nami niongezeni", ataoneshwa mkataba. Mzigo unabaki kwake.

Sasa bei ya ndani. Chukua namba za kubuni: soko la dunia linalipa 15 kwa uniti. Kuipooza gesi hadi nyuzi 162 chini ya sifuri iwe kimiminika, pamoja na meli, kunakula 5. Mkononi anabaki na 10. Msambazaji wa ndani akija na 8 anafukuzwa, na ana haki ya kufukuzwa. Serikali ikichukua asilimia 25 ya ile 15, yaani 3.75, basi gesi ileile ikienda nje inamwachia 6.25. Yule wa 8 sasa anavutiwa kiti. Wauzaji wakigombania wateja wa ndani, hata hiyo 8 itateremka kuelekea 6.25. Ndiyo njia yenyewe, haina uchawi.

Kodi ya faida haifanyi hivyo, maana inakukamata sawasawa, umemuuzia Mjapani au jirani. Na hiyo 40 ya Australia, wewe wa vitabu utaielewa haraka: inatozwa baada ya kutoa gharama zote za uwekezaji, na zile ambazo hazijafidiwa zinabebwa mwaka hadi mwaka huku zikiongezewa asilimia kadhaa juu. Mradi wa mabilioni unaweza kuuza gesi miaka na miaka kabla ya kufikia senti ya kodi hiyo. Mwaka 2023 walibana kidogo: makato yasizidi asilimia 90 ya mapato, angalau kitu kionekane mapema. Kwa maoni yangu walibana kwa vidole viwili.

Ukitaka kuona bei ya nje inavyoingia jikoni, angalia Gladstone, bandari ya Queensland, mashariki mwa Australia. Viwanda vitatu vya kusindika gesi vilijengwa hapo, kisiwa cha Curtis, meli za kwanza zikaondoka mwanzoni mwa 2015. Kabla ya hapo gesi ya majimbo ya mashariki haikuwa na pa kwenda zaidi ya humohumo. Baada ya hapo ikaanza kucheza ngoma ya Asia, na Desemba 2022 serikali ikalazimika kuweka kikomo cha bei, dola 12 za Australia kwa gigajouli (kipimo cha nishati).

Bomba Refu:
Mzee hesabu yako nzuri, ila imesahau ramani. Sehemu kubwa ya gesi inayouzwa nje inatoka Australia Magharibi, na hakuna bomba linalounganisha huko na Sydney au Melbourne kule mashariki. Itoze utakavyo, haitavuka jangwa yenyewe. Tena Magharibi walishamaliza ugomvi huu tangu 2006 kwa njia nyingine: kiasi sawa na asilimia 15 ya gesi ya kusafirisha kinatengwa kwa soko la ndani. Bila kodi yoyote. Tangu Gladstone ianze kupakia, wao ndio wenye bei nafuu.

Na mikataba ya miaka 20 je? Mwenye shehena aliyoahidi hawezi kuigeuzia nyumbani eti kwa sababu ya kodi. Kinachohama ni ile ziada isiyo na mkataba tu.

Mzee wa Mita:
Ziada ndiyo inayopanga bei, Bomba Refu. Lakini la ramani nalikubali. Kwa gesi ya Magharibi kodi haishushi bei, inaleta fedha tu, na hapo swali linageuka: fedha hizo zinamfikiaje mwenye bili? Uingereza Mei 2022 walitangaza ushuru wa ziada wa asilimia 25 kwenye faida za mafuta na gesi, na siku hiyohiyo wakatangaza kila kaya itapata pauni 400 kwenye umeme. Zilikatwa moja kwa moja kwenye bili kuanzia Oktoba. Norwe wanachukua asilimia 78 ya faida, ila nyingi wanaiweka kwenye mfuko wa akiba wa vizazi vijavyo. Waziri wa fedha asiyebanwa na sheria ataziba mashimo ya bajeti, na wewe utaendelea kulipa vilevile.

Mama Sufuria Mbili:
Samahani wataalamu, na mtungi nao utashuka?

Mzee wa Mita:
Hapana dada yangu. Ya mtungini ni propani na butani, hii tunayobishania ni methani, soko lake lingine kabisa. Anayefaidika ni mwenye bomba la gesi ndani, na mwenye umeme unaofuliwa kwa gesi.

Karani_wa_Mizania:
Nimekuelewa mzee, ila mizania inanisumbua. Bili yenyewe si gesi tupu. Kuna mabomba, nyaya, mita, na faida ya msambazaji. Gesi ikishuka robo, bili haishuki robo.

Mzee wa Mita:
Haishuki hata karibu. Mabomba na nyaya peke yake ni fungu kubwa mno, na kodi hii haiwagusi wenye nazo. Fungua uzi wao, nitakuja.