Mjadala: Mlipuko ukianza Mombasa, mtaa utajwe siku ya kwanza au usitajwe?

Mleta Hoja

Jamani, hoja ni hii. Mgonjwa wa kwanza wa korona Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Haikutimia wiki nane, Mji wa Kale ukafungwa kuanzia 6 Mei, hakuna kuingia wala kutoka kwa siku 15, sawa na Eastleigh kule Nairobi. Jina la mtaa likawa linasomwa kwenye televisheni. Walipoitwa kupimwa, waliojitokeza siku za mwanzo walikuwa wachache.

Tangu hapo tumeona mpox, ule ugonjwa wa virusi wenye vipele, na chikungunya, homa ya virusi inayoletwa na mbu, imeturudia. Swali halijabadilika: kaunti ikishathibitisha wagonjwa wa mwanzo, iutaje mtaa au inyamaze hadi ijue jambo limefika wapi?

Mimi niko upande wa kutaja. Serikali ikinyamaza, simu za watu hazinyamazi, na mtaa utakaotajwa huko huenda si wenyewe. Mwenye kupinga apinge, lakini alete utaratibu.

Afisa wa Afya ya Jamii, Kisauni

Ndugu yangu, nakupinga. Tazama kinachofuata mtaa ukitajwa bila kitu kingine. Tuktuk zinakataa kushusha huko. Mama mboga wa mtaa huo hauzi. Wanaofanya kazi za nyumbani Nyali wanapigiwa simu wasije. Sasa mtu akiamka na homa, haendi zahanati ya karibu. Anavuka kwenda duka la dawa la mtaa wa pili, ananunua Panadol, na akiulizwa anakoishi anataja kwa shemeji yake. Hapo orodha ya waliokutana naye imeshakufa.

Orodha hiyo ndiyo kazi yote ya siku za mwanzo. Kwa korona tulitakiwa kurudi nyuma siku 2 kabla ya dalili: nani analala chumba kimoja naye, nani alikula naye, kazini alikaa na nani, alipanda gari gani saa ngapi, aliswali au alisali wapi. Kila jina na nambari ya simu, kisha kila siku kumuuliza hali yake kwa siku 14. Kinachoiharibu ni kuingia uchochoroni na gari lenye ving'ora na watu waliovaa mavazi meupe toka kichwani hadi miguuni. Nyumba nzima ya jirani inafunga milango. Aende mhudumu wa afya wa mtaa huohuo, kwa miguu, barakoa na daftari, na asimame nje ya mlango.

Tena usisahau watu waliogopa nini hasa. Mwanzoni aliyepelekwa karantini alitakiwa kulipia malazi yake. Serikali ilikuja kubeba gharama za vituo vyake mwezi Mei, na mwongozo wa kuuguza wagonjwa wasio na dalili kali nyumbani ulitoka Juni. Kwa mtu wa kibarua, kukubali kupimwa Aprili ilikuwa ni kukubali deni na kukosa kazi kwa wiki mbili. Hata ungetangaza mtaa kwa kinanda asingetoka.

Mtu wa Maabara

Naona mnabishana kana kwamba virusi vyote ni kimoja. Kabla ya kuuliza tutaje au tusitaje, ulizeni kinaambukizwa vipi.

Chikungunya: taja mtaa leo hii, usingoje kesho. Imeshatupiga kutoka Lamu mwaka 2004, ikatupiga tena mwishoni mwa 2017 kuingia 2018. Inaletwa na Aedes, mbu wa mchana, na mbu huyu hasafiri mbali; kwa kawaida maisha yake yote yanaishia ndani ya mita mia chache kutoka alipozaliwa. Kwa hiyo mgonjwa mmoja anakuonyesha kiwanja cha kufanyia kazi. Damu ya mgonjwa ina virusi vya kumwambukiza mbu katika wiki ya kwanza ya homa, na yai la mbu linakuwa mbu kamili ndani ya siku 7 hadi 10. Ukinyamaza wiki mbili kwa kuogopa jina la mtaa, umeruhusu kizazi kizima kuruka.

Na mtaa ukitajwa, watu waambiwe kitu cha kufanya. Mapipa, matanki, madumu, matairi, visahani vya maua, hata sinia la chini ya friji. Kumwaga maji peke yake hakutoshi, kwa sababu mayai hugandia ukutani mwa chombo juu kidogo ya maji na hukaa makavu kwa miezi, yakilowa yanaangua. Chombo kisuguliwe kwa brashi mara moja kwa wiki, kisha kifunikwe kwa kitambaa kilichofungwa kamba, kisiachwe na mwanya. Kwa sisi ambao maji ya mfereji yanakuja kwa zamu, kila nyumba ina pipa, basi kila nyumba inaweza kuzalisha. Lile gari la kupuliza moshi barabarani jioni linapendwa sana kwa kuwa linaonekana, lakini linaua mbu wanaoruka tu, haligusi mayai wala viluwiluwi, na Aedes anapenda kutulia ndani, nyuma ya pazia na chini ya kitanda. Madirisha yakifungwa kwa harufu, umepuliza barabara.

Mpox ni kinyume kabisa. Mgonjwa wa kwanza Kenya alitangazwa 31 Julai 2024, msafiri aliyegunduliwa mpakani Taveta, na tarehe 14 Agosti Shirika la Afya Duniani (WHO) likatangaza dharura ya kimataifa. Kinaenea zaidi kwa ngozi kugusana, kitanda kimoja, nguo na mashuka. Hapo mtaa hauna maana, mwenye maana ni mtu na wale waliogusana naye, wafuatiliwe siku 21. Ukitaja mtaa unawapa watu wasiohusika aibu, na dereva wa trela anayelala Mariakani leo na Malaba kesho anadhani haimhusu.

Korona iko katikati, na hapo ndipo mnapogombana bure. Mtu huambukiza kabla hajaumwa, dalili huja kwa wastani siku 5 au 6, jumlisha siku za kungoja majibu. Mtaa unaoutaja ni ulipokuwa ugonjwa wiki iliyopita.

Mleta Hoja

Mtaalamu, hapo kwenye korona nakukatalia. Kama ni habari ya wiki iliyopita, basi na ya leo tutaipata wapi? Sampuli za Pwani zilikuwa zikipimwa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba, kule Kilifi, si mbali. Tatizo lilikuwa majibu kupitia Nairobi kwanza ndipo yatangazwe, au siyo?

Mtu wa Maabara

Kituo cha kupimia kuwa karibu kunapunguza safari ya sampuli, hakupunguzi foleni ya mashine wala uhaba wa vifaa vya kupimia, na mwaka 2020 dunia nzima ilikuwa inagombania vifaa hivyohivyo. Sampuli nayo inataka baridi: nyuzi 2 hadi 8 njia nzima, na ikizidi siku chache bila kupimwa igandishwe nyuzi 70 chini ya sifuri. Boksi likiachwa juani Mtwapa kwenye msongamano, unapata "hana" kwa mtu ambaye anayo. Kisha mtaa unatangazwa salama.

Karani wa Stendi, Likoni

Nyinyi mnajadili jina, sisi tunatazama kilichofuata. Amri ya Machi 2020: gari la abiria 14 lichukue 8, la 25 lichukue 15, makubwa zaidi asilimia 60. Hesabu ya mafuta haikupungua, nauli ikapanda. Asiyeweza kupanda akatembea au akajazana kwenye gari la alfajiri kabla askari hawajafika.

Halafu feri. Kivuko hiki kinapitisha takriban watu 300,000 kwa siku. Ukipunguza wanaoingia ndani ya feri bila kuongeza safari, hujapunguza msongamano, umeuhamishia ufukweni. Ongeza kafyu ya saa moja usiku na kila mtu anafika kwa wakati mmoja. Tarehe 27 Machi, siku ya kwanza ya kafyu, watu walipigwa na kurushiwa gesi ya machozi palepale wakingoja kuvuka, na gesi ya machozi inamfanya mtu avue barakoa, akohoe na kumshika mwenzake. Kama mngetaka umbali wa mita moja, kazi zingetolewa kwa awamu: viwanda vya Changamwe watoke saa nane, maduka ya mjini saa tisa, ofisi saa kumi. Mstari uchorwe kwa rangi kuanzia barabarani, si pale langoni tu ambapo tayari wameshabanana.

Kutaja mtaa sina neno nako. Ila siku mtaa wa Likoni utakapotajwa, mjue mmetaja njia ya watu wa Kwale nzima.

Mfamasia, Kongowea

Nimesoma hoja ya "watu waambiwe kitu cha kufanya" nikacheka kidogo, maana wasipoambiwa wanajifanyia. Wiki ya kwanza ya korona ndimu na tangawizi zilipanda bei, ikapita habari ya chai ya rangi isiyo na sukari ati ndiyo dawa, na vitakasa mikono vikauzwa bei ya kuruka hadi Mamlaka ya Ushindani ikaamuru duka moja kubwa lirudishe pesa za wateja. Chai ya rangi haimdhuru mtu. Wanaonitia hofu ni wachanganyaji.

Wa kwanza ni anayechukua spiriti ya asilimia 70, mililita 700, akaongeza mililita 300 za shubiri au jeli iwe laini. Amebaki na asilimia 49. Chini ya 60 haitoshi, ingawa inanukia vizuri na inaganda mkononi kama ya dukani. Kipimo cha WHO kwa lita moja: ethanoli ya asilimia 96 mililita 833, haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 mililita 42, gliserini mililita 14.5, kisha maji yaliyochemshwa yakapoa hadi ifike lita. Funga, acha saa 72 ndipo utumie, ili vijimbegu vya bakteria vilivyoingia na chupa vife. Asiye na chombo cha kupimia asijaribu. Sabuni ya mche na maji yanayotiririka vinafanya kazi hiyohiyo.

Wa pili ni mwenye Jik, ile dawa ya klorini ya madoa. Jik ya asilimia 3.5 kwa kufutia meza na vitasa: mililita 570 kwenye mtungi wa lita 20, maji kwanza, Jik baadaye, upate asilimia 0.1. Pafutwe uchafu kwanza kwa sabuni, kisha pabaki na unyevu angalau dakika moja. Palipo na damu au matapishi, kikombe 1 kwa vikombe 6 vya maji. Ichanganywe kila siku, kwani jua na joto letu huimaliza nguvu. Na tafadhali, si pamoja na siki, ndimu wala dawa ya choo. Hutoka gesi ya klorini, na kwenye choo kisicho na dirisha mtu anaanguka akikohoa, halafu majirani wanasema ana korona. Kunyunyizia watu mwilini ndiyo upuuzi mkubwa kuliko wote, macho yanaungua na virusi vilivyomo kifuani haviguswi.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali: taja mtaa, lakini tangazo lenyewe liwe na vipimo hivi. Lisiwe na hotuba.

Kamati ya Mazishi, Majengo

Tunaongeza moja tu. Siku ya kutaja mtaa itajwe pia hukumu ya maiti: anaoshwa au haoshwi, na nani, na kwa vifaa gani. Kwa korona WHO haikukataza kuosha; ilitaka waoshaji wachache, glavu, joho lisilopitisha maji, barakoa na kinga ya macho. Watu wakisikia maiti atafungwa kwenye mfuko na kuzikwa usiku na wageni, mgonjwa mahututi hapelekwi hospitali, anafia nyumbani na anaoshwa na watu kumi bila glavu.

Afisa wa Afya ya Jamii, Kisauni

Shekhe, hilo lilipaswa kuwa la kwanza, nashukuru. Na mfamasia, dada yangu, vipimo vyako vinataka maji.

Mleta Hoja, nikupe hesabu. Kiwango cha chini kabisa ni lita 15 kwa mtu kwa siku. Nyumba ya watu 6 kwa siku 15 za kufungwa ni lita 1,350, karibu mitungi 68 ya lita 20. Mji wa Kale ni ghorofa za ngazi nyembamba na vichochoro ambavyo lori haliingii. Mwenye mkokoteni anakaa nje ya kizuizi. Nani anaileta, kwa saa zipi, na nani analipa? Mwenye kibali cha kupita ni nani? Kama karatasi hiyo haijaandikwa usiku ule kabla ya tangazo, usitaje. Na hata ikiandikwa, taja wadi, usiteremke hadi jengo: Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inaweka habari za afya kwenye data nyeti, na uchochoro wenye nyumba nane ni sawa na kutaja jina la mtu.

Mleta Hoja

Wadi nakubali. Kungoja karatasi sikubali, maana kaunti ikishajua kwamba kutokuwa na maji ni sababu ya kutosema, haitasema milele. Kwa chikungunya mtu wa maabara ametupa sababu ya kusema siku hiyohiyo. Sasa mniambie, mgonjwa ana homa na maungo yanamuuma, majibu hayajatoka, hujui ni chikungunya, denge au malaria. Unataja?

Mtu wa Maabara

Malaria unaijua kwa dakika 20, kipimo cha haraka kiko zahanati. Ikionyesha hana, na wagonjwa watatu au wanne wanatoka sehemu moja wiki moja, huhitaji kungoja jina la kirusi. Denge na chikungunya wanabebwa na mbu yuleyule na pipa ni lilelile. Taja wadi, sema "homa inayodhaniwa kuletwa na mbu wa mchana", peleka brashi. Wakati huohuo chukua damu: kama homa haijazidi siku 5, isakwe virusi vyenyewe, ikizidi, kingamwili. Na mgonjwa asipewe aspirini wala diklofenaki hadi denge iondolewe, kwa sababu ya kutoka damu. Parasetamoli tu.

Karani wa Stendi, Likoni

Brashi hizo zinatoka bajeti gani?