Tupeane uzoefu: wenye watoto wanaofanya judo, karate, taekwondo njooni hapa

Habari zenu wakuu, naanza na yangu. Kijana wangu ana miaka 8, mpole kupitiliza, shuleni walikuwa wanamsukumasukuma mpaka asubuhi analia hataki kwenda, baba yake akasema huyu tumpeleke judo. Mie nikajua wiki ya kwanza tu atafundishwa kupiga watu. Wapi! Mwezi mzima ni kuanguka. Anaanguka chali, anaanguka ubavu, kidevu kakibana kifuani ili kisogo kisigonge chini, mkono unapiga mkeka paa! ili kishindo kisiishie chote mgongoni. Nikamuuliza mwalimu kumtupa mtu ataanza lini, akanambia mama, asiyejua kuanguka hatupwi. Basi jioni mtoto anafanya chumbani kwenye godoro, niko jikoni nasikia tu paa, paa, paa.

Juzi kateleza bafuni kwenye povu la sabuni. Nimekimbia roho juu, namkuta kalala chali, kidevu kifuani, mkono kaunyoosha pembeni, ananiambia mama sijaumia.

Na wale wa shuleni hajampiga hata mmoja, ila siku hizi wakimsukuma anawaambia acheni, kwa sauti. Zamani alikuwa anainama tu.

Wenzangu vipi?

---

Asante mama kwa uzi. Mimi nitaongelea mikanda maana ndo ilituumiza. Wangu alianza karate na miaka 6, sehemu ya kwanza kila baada ya muda mfupi mtihani, kila mtihani hela, tukaahidiwa mkanda mweusi ndani ya miaka miwili, mtoto kafika kijani lakini ukimwambia afanye kata ya kwanza kabisa, yaani ule mfululizo wa hatua na mapigo uliopangwa, anaduwaa katikati hajui ageukie wapi. Tukahama. Mwalimu mpya akamwangalia akasema aanze upya na mweupe, jamani yule mtoto alilia siku hiyo, mama yake akataka tumtoe kabisa. Sasa hivi ana njano na kata anaifanya macho kafumba. Huyu mwalimu ndo alinielewesha kwamba mkanda mweusi wenyewe ni shodan, yaani daraja la kwanza, mtu ndo kwanza anaanza. Nani anakuahidi hiyo kwa mtoto wa miaka 8? Kimbia.

---

Binti yangu taekwondo, miaka 9. Kocha wa mwanzo alikuwa anawakandamiza mabega wapige msamba kwa nguvu, mwanangu akarudi anachechemea, daktari akasema msuli wa paja umevutika, akakaa nje zaidi ya mwezi. Nilipomuuliza kocha akasema eti bila maumivu hawi mtu. Nilikasirika sana na mpaka leo nikikumbuka nakasirika. Wazazi kaeni muangalie mazoezi mpaka mwisho, msishushe mtoto na kuondoka. Tulipo sasa akisema inauma mwalimu anaacha hapo hapo. Na kwenye kupigana helmeti na kikinga kifua ni lazima, maana kwenye mashindano teke la kichwani lina pointi nyingi kuliko la kifuani so watoto wote wanalikimbilia hilo.

---

Wangu alimpiga mdogo wake teke la karate sebuleni. Nikamwambia mwalimu, hakumfokea, alimkalisha pembeni somo zima anaangalia wenzie. Hajarudia.

---

Mwanzisha uzi, mie binti yangu miaka 6 yuko judo wiki ya tatu, kuanguka mbele na ubavu anaweza ila kwa nyuma anagoma kabisa anang'ang'ania nguo ya mwalimu. Wa kwako alichukua muda gani?

---

Dada usimharakishe, wangu alikubali wiki ya tano. Mwalimu alimwanzisha akiwa amekaa chini kabisa, anajilaza taratibu huku kidevu kifuani, halafu akiwa amechuchumaa, kusimama kukaja mwisho. Jaribu nyumbani kwenye godoro na wewe ulale pembeni yake mfanye wote. Mie nilifanya.